Tumehamisha Intakula, Kipimo Tumekiacha

Likizo ndefu iliyopita, fundi mmoja pale nyumbani Peramiho aliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Alikuwa ameinama chini ya boneti la Land Cruiser ya mjomba wangu, mikono imejaa oili, akasema: "Mwalimu, wewe si unasomea fizikia? Hebu nieleze, kwa nini hewa ikipozwa gari inaongeza nguvu?"

Nikacheka. Nikataja oksijeni, nikamung'unya maneno mawili matatu, nikamalizia na "yaani ni mambo ya thamodinamiki." Fundi akaitikia, "Sawa mwalimu," kwa heshima zote, akarudi kwenye spana zake. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefanya mtihani wa thamodinamiki hapa chuoni. Swali la gesi kubanwa na kupozwa lilikuwemo kwenye karatasi, nikalifanya lote, na mkeka ulipotoka sikuwa na cha kulalamika.

Injini ile imekufa. Sehemu ya kifo chake naibeba mimi, na ndiyo maana naandika. Nadhani habari hii inatuhusu wote tunaosomea ualimu, hata wewe ambaye hujawahi kufungua boneti.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80, shangingi la zamani, lenye injini ya 1HD-T. Ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990. Ina turbo tangu kiwandani, ila haina intakula. Mjomba alilinunua mnadani likiwa limeshachoka, akaling'oa viti vya nyuma, akalifanya la kazi. Msimu wa mavuno linabeba mahindi, msimu wa kupanda linabeba mbolea, siku ya gulio linabeba watu. Usiku mtu akizidiwa kijijini, mlango unaogongwa ni wa mjomba, ili mgonjwa afikishwe hospitali ya misheni. Ada za watoto wake wawili zilitoka humo.

Shida yake ilikuwa milima. Anayeijua barabara ya kutoka Peramiho kwenda Mbinga na kuendelea hadi Mbamba Bay ananielewa. Ukishaingia Umatengo, gari lenye mzigo linaomba gia ndogo na linakaa nayo. Mjomba alikuwa akipishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, anayaona mengine yanavyopanda na tani zote zile mgongoni, anarudi nyumbani amenuna. Dereva mmoja akamwambia, "Mzee, hizi zina intakula. Ya kwako ina turbo tupu." Kuanzia hapo mjomba hakulala.

Kwanza tuelewane turbo na intakula ni nini, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama siku ile.

Injini inachoma mafuta kwa hewa. Ukitaka ichome mafuta mengi zaidi, ipe hewa nyingi zaidi. Turbo inatumia moshi unaotoka injini kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linazungusha jingine linalosukuma hewa kuingia ndani. Si kitu kipya. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, mwaka ambao huku kwetu Ungoni vita vya Majimaji vilikuwa vinawaka. Kwa sisi tunaoishi mita 1000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam, turbo ni msaada wa kweli.

Tatizo ni kwamba hewa ikibanwa inapata joto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mwisho wa ile pampu unavyounguza kidole. Na hewa yenye joto inatanuka, kwa hiyo silinda inajaa upepo lakini hewa yenyewe ni kidogo. Intakula ni rejeta ya hewa. Inakaa kati ya turbo na injini, upepo wa nje unapita katikati ya mapezi yake na kuondoka na lile joto.

Tuweke namba. Hewa ya nje ina nyuzi 25. Turbo ikiibana hadi mgandamizo uwe mara 1.7 ya mwanzo, kwa turbo ya kawaida hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 95 hivi. Intakula ikiishusha hadi nyuzi 50, badili zote mbili kuwa kelvini: 368 gawanya kwa 323. Unapata 1.14. Yaani kwa mgandamizo ule ule, kwenye silinda ile ile, inaingia hewa zaidi kwa asilimia 14. Punguza kidogo, maana mgandamizo nao unashuka hewa inapopita ndani ya intakula. Hilo ndilo jibu la swali la fundi. Mistari minne tu, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata.

Kuna faida ya pili ambayo kwa gari la kazi ni kubwa kuliko ya kwanza. Hewa ikiingia ikiwa imepoa, joto la ndani ya silinda nalo linapungua. Ukifunga intakula na kuacha mafuta kama yalivyokuwa, utapata nguvu kidogo tu, lakini injini itapumua na kuishi. Ukiona nafasi hiyo ukaijaza mafuta, utapata nguvu nyingi na joto litarudi pale pale, au litapita. Intakula ile ile inaweza kuwa kinga au kisingizio, inategemea unafanya nini na skrubu ya mafuta kwenye pampu.

Fundi alipata turbo na intakula yake kwenye skrapu mjini Songea, zimetoka kwenye Land Cruiser 100 yenye injini ya 1HD-FTE, iliyoanza mwaka 1998. Ni ndugu wa 1HD-T, lita zile zile 4.2. Flenji hazikukaa sawa, akazichonga. Bomba la oili la kwenda turbo na la kurudi akayapinda upya. Mipira ya hewa ikabanwa kwa klampu, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio akitafuta panapovuja. Kazi ilikwenda siku tatu na ilikuwa safi. Nasisitiza hilo, kwa sababu sitaki mtu amalize makala hii akisema "mafundi wetu bwana." Mikono yake ni bora kuliko mikono ya darasa letu lote.

Kilichokosekana hakikuwa kwenye mikono. Vilikosekana vitu vitatu.

Cha kwanza ni tundu la boneti. Kwenye ile Land Cruiser 100 intakula inakaa juu ya injini, na boneti ina mdomo unaoleta upepo wa nje moja kwa moja juu yake. Boneti la 80 halina mdomo huo. Fundi alitaka kulikata, mjomba akakataa: "Gari yangu siitoboi." Basi intakula ikafungwa juu ya injini, chini ya boneti lililofungwa, ndani ya joto.

Cha pili ni akili ya pampu. Injini ya 1HD-FTE ina kompyuta. Ina vihisio vinavyosoma joto na mgandamizo wa hewa, halafu kompyuta inapanga mafuta kulingana na hewa iliyopo. Pampu ya 1HD-T ni ya chuma na springi. Inahisi mgandamizo wa turbo kwa kiwambo, basi. Hewa iwe ya nyuzi 50 au 90, yenyewe haijui. Sisi tulichukua turbo, tukachukua intakula, tukachukua na mipira yake. Kile kilichokuwa kinapima tukakiacha skrapu.

Cha tatu ni geji. Ukiongeza mafuta kwenye dizeli yenye turbo unatakiwa kujua joto la moshi kabla haujafika kwenye turbo. Kiwango kinachotajwa sana ni kwamba ukiwa mlimani na mzigo lisizidi nyuzi 700 hivi. Geji yake ni kifaa kidogo, waya mmoja na saa moja kwenye dashibodi, na haifikii bei ya seti ya pistoni. Hatukuwa nayo na hakuna aliyeiulizia. Fundi alipima kwa njia anayoijua: alikaza skrubu ya mafuta, akakanyaga, akasikiliza, akakaza tena.

Tukaenda kujaribu. Gari lilivuta kweli. Mjomba alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani. Nyuma kulikuwa na moshi mweusi, fundi akasema utaisha injini ikizoea. Tuliporudi gereji nikaweka kiganja juu ya intakula, sehemu inayotoa hewa kwenda injini, nikakitoa haraka. Ilikuwa inaunguza.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Nilijua kitu kimoja kwa hakika, kitu ambacho hata mtoto aliyewahi kupoza uji anakijua: joto linatoka penye moto kwenda penye baridi. Kipoza hewa kilichozungukwa na hewa ya moto hakipozi. Nilijua pia kwamba moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kuyachoma. Nilikuwa na vipande vyote vya jibu. Nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mtoto wa darasani, na pale gereji walikuwepo watu wazima wenye kazi yao. Nikajiambia, fizikia ya chuo ni ya chuo.

Wiki ya tatu, kwenye mlima baada ya Mbinga, na mifuko 16 ya mbolea ndani, injini ilinoki. Walishusha hedi, wakakuta pistoni ya silinda ya tano imeyeyuka ukingoni na ukuta wa silinda umechanwa. Mjomba na utingo wake walilala barabarani siku mbili wakilinda mbolea ya watu. Januari mtoto wake mkubwa alichelewa kuripoti shule kwa wiki tano. Na usiku mmoja wa Novemba watu waligonga mlango wa mjomba kama walivyozoea, wakaambiwa gari halipo, wakaondoka na mgonjwa wao kwa bodaboda. Alifika salama. Mjomba aliponisimulia hakumaliza sentensi.

Sasa kosa ni la nani? Rahisi kusema ni la fundi, kwa kuwa ndiye aliyekaza skrubu. Lakini fundi aliuliza. Alimuuliza mtu pekee aliyekuwepo ambaye nchi inamlipia mkopo asome jambo hilo hilo, na mtu huyo akamjibu "ni mambo ya thamodinamiki." Mjomba naye alikataa boneti lisitobolewe kwa kuwa hakuna aliyempa sababu ya maana ya kulitoboa.

Jamani, tuseme ukweli kuhusu tunavyosoma. Tunadesa. Wiki ya mtihani madesa yanapita kwenye magrupu ya simu, swali na jibu lake, tunakariri hatua, tunamwaga kwenye karatasi, tunasubiri mkeka. Nilipata maksi zangu kwa kujua kwamba swali la namna ile linataka fomula ile. Hakuna siku hata moja niliyoshika kitu kilichobanwa na kupata joto. Tunafanya kile tulichofanya kwenye Land Cruiser ya mjomba. Tunang'oa kifaa kwenye kitabu, tunakifunga kwenye karatasi ya mtihani, kinachopima kama kweli kinafanya kazi tunakiacha kwenye skrapu.

Ingekuwa ni GPA tu nisingeandika. Lakini angalia tunakokwenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Maana yake mtoto wa Peramiho ataweza kusoma ufundi ndani ya sekondari, pamoja na masomo ya kawaida. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini huyo mwalimu wa fizikia atakayesimama mbele ya mtoto wa amali ni nani? Ni wewe na mimi. Siku ya kwanza mtoto mmoja ambaye baba yake ana gereji atanyoosha mkono na kuuliza lile swali la fundi. Tukimjibu kwa desa, tutakuwa tumehamisha mtaala na kuacha kilichoufanya ufanye kazi.

Najua pingamizi. Wapo wanaosema amali ni ya waliofeli, kwamba mwenye akili anaenda na vitabu. Mimi nimekulia mahali panapokataa wazo hilo. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kauli yao ni sala na kazi. Kanisa, shule, hospitali, kiwanda cha uchapaji na karakana vilikua pamoja, kwenye eneo moja. Wazee wengi wa kwetu wanaosoma vizuri ndio hao hao wanaojua useremala au uashi. Mwalimu Nyerere naye alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na kazi ya jamii yake. Hatuhitaji kuagiza wazo hili kutoka nje. Ni letu, tumelitundika ukutani tu.

Pingamizi la pili ni la pesa: vifaa vya maabara hakuna, tutafanyaje? Hili ni kweli nusu. Maabara hakuna, lakini gereji ipo karibu kila mji tunakopangiwa TP. Kuna injini imefunguliwa pale, pistoni iko mezani, unaruhusiwa kuishika, na haihitaji bajeti ya wizara. Inahitaji ujasiri wa kuingia, kuamkia, na kusema "fundi, naomba nijifunze." Huo ujasiri ndio tulionyimwa na vyeti vyetu.

Pingamizi la tatu nimelisikia kwa mafundi wenyewe: hawana muda wa wanachuo wanaopiga picha na kuondoka. Hapo wana haki. Kwa hiyo tusiende mikono mitupu. Twende na kile wasichokuwa nacho, yaani kipimo na hesabu. Fundi yule alikuwa na masikio, pua na viganja vilivyofunzwa kwa miaka. Mimi nilikuwa na 368 gawanya kwa 323. Kila mmoja alikuwa na nusu ya injini.

Napendekeza mambo matatu, na nauomba uongozi wa serikali yetu ya wanafunzi uyapeleke kwenye vikao. Moja, kila mwanafunzi wa ualimu wa sayansi akiwa TP atumie angalau Jumamosi nne kwenye karakana, gereji au mashine ya kusaga ya eneo lake, na aandike ripoti fupi ya jambo moja alilolipima huko. Mbili, idara zetu zimwalike fundi mara moja kwa muhula, aje na kifaa kilichokufa, atueleze kilikufaje, nasi tueleze kwa hesabu, tuone nani anaishiwa maneno kwanza. Tatu, na hili halihitaji kikao, tukubaliane wenyewe kwamba desa lisilo na swali la "ningeliona wapi hili?" halijakamilika.

Mapumziko ya muhula yaliyopita nilirudi nyumbani. Mjomba sasa amefunga injini ya 1HZ, lita 4.2 isiyo na turbo kabisa. Linapanda mlima polepole kama mzee, lakini linafika. Nilikwenda gereji nikamwambia fundi kwamba nimeleta jibu la swali lake. Nikaliandika kwa chaki kwenye geti la bati: 95, 50, 368, 323, 1.14. Akasimama akiliangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ile asilimia 14 tuliiongeza sisi kwenye mafuta, lakini kwenye hewa haikuwepo." Nikamwambia ndiyo, na kwamba skrubu ile huenda ilipita hata 14. Akanyamaza. Halafu akasema, "Ungeniambia ile siku, mwalimu."

Sikuwa na la kujibu. Alikuwa ameshaagiza geji, amepata moja kwa mteja mwingine mwenye dizeli ya turbo anayetaka intakula. Kazi hiyo inamsubiri, na safari hii ameweka sharti: boneti litobolewe, au intakula ikae mbele penye upepo. Kama mteja hataki, gari aliondoe. Aliniomba nikifika likizo nije na kile kipimajoto cha maabara ili wajue hewa inaingia ikiwa na nyuzi ngapi. Nimeshaomba ruhusa ya kukiazima.